Mama Hatoki Dirishani

Jeneza lilikwama kwenye kona ya ujia, kati ya ukuta wa jikoni na ukuta mpya wa duka la wageni, na waliolibeba wakakwama nalo. Wa mbele hawakuweza kuendelea, wa nyuma hawakuweza kurudi, na yule wa katikati, mkwe wa marehemu, alikuwa amebanwa ubavu hata pumzi ikawa inamtoka kwa zamu.

"Rudisha nyuma!" alipaza sauti Mjomba, ndugu mdogo wa marehemu, aliyeendesha lori maisha yake yote na kustaafu na sauti ya lori. "Rudisha, kata kulia. Kulia kwako! Basi, basi! Unanikwangulia dada yangu!"

Walijaribu kuliinua upande mmoja. Walijaribu kulilaza ubavu, wanawake wakapiga ukelele mdogo, wakaacha. Mwishowe walirudi nalo chumbani, wakaliweka juu ya viti, jasho likiwachuruzika, na kila mtu akamtazama Fundi.

Fundi ndiye aliyelitengeneza. Kazi yake ilikuwa kukarabati samani za Nyumba ya Mwandishi: viti, makabati, na ile meza ya kuandikia ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuipiga picha. Alipotaka kulitengenezea karakanani, alikuta karakana imejazwa viti vya wageni. Alipotaka kuhamia uani, Meneja alimwambia kwamba kelele za nyundo zitawasumbua mafundi wa vipaza sauti. Basi akafanyia kazi stoo, pembeni ya chumba chao, kwa skrubu na gundi, kwa sababu hakutaka mama mkwe wake alale katikati ya misumari. Lilikuwa jeneza zuri. Hata Meneja alipopita alilisifu.

"Mume wangu," mkewe alimwambia taratibu, "mama ulimpima. Njia hukuipima."

"Mlango niliupima. Kona ndiyo iliyonipita."

"Na hiyo kona ililetwa na nani?"

Fundi akafuta jasho la shingo. Ukuta wa duka ulijengwa na waashi, lakini kabla hawajaanza Meneja alimwita na kumuuliza kama familia yake itabaki na pa kupita. Naye, kwa kutaka kumridhisha bosi, alijibu kwamba mtu na ndoo yake atapita bila taabu. Hakusema uongo. Mtu na ndoo yake alikuwa akipita. Hakuna aliyefikiria siku hiyo kwamba kuna vitu vingine hutoka katika nyumba ya watu.

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, halafu akajifuta macho, na haikujulikana anafuta machozi ya kicheko au ya kilio.

&nbsp;

Nyumba ya Mwandishi ilikuwa nje ya mji, mwisho wa barabara ya vumbi, na ilikuwa imehifadhiwa kama mwenyewe alivyoiacha. Miwani yake ilikuwa mezani, koti lake msumarini, viatu vyake chini ya kitanda. Kamba nene nyekundu zilizuia kila kitu kisiguswe. Nyuma ya jikoni, mahali ambapo wageni hawafiki, kulikuwa na vyumba viwili na stoo. Humo ndimo marehemu, aliyekuwa mpishi wa Mwandishi, alimowalea watoto wake, na humo ndimo alimoendelea kuishi Mwandishi alipokufa, na humo ndimo naye amekufa.

Binti yake, mke wa Fundi, alirithi chumba na ufagio. Yeye ndiye aliyefungua vyumba asubuhi, akafuta vumbi kwenye miwani na viatu vya mtu aliyekufa, akafunga jioni. Shada la funguo lilikaa kiunoni mwake muda wote, wafanyakazi wenzake wakamwita Funguo, mpaka na mumewe akazoea.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kumkumbuka Mwandishi. Turubai lilikuwa limesimamishwa bustanini, na wafadhili walikuwa wamefika, wale wa kuamua kama Nyumba itapata paa jipya au haitapata. Msiba ulikuja wakati mbaya, na familia iliambiwa hivyo, kwa maneno ya heshima, zaidi ya mara moja.

Meneja aliingia mbio, kitambulisho kikimning'inia shingoni. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na kusema haki hakuwa mtu mbaya. Alileta unga na sukari msibani siku ya kwanza. Siku hiyohiyo aliwaomba waombolezaji walie kwa sauti ya chini, vipaza sauti vinajaribiwa, na watu wakalia kwa sauti ya chini. Jaribu wewe kumlilia mama yako kwa kunong'ona, ndipo utajua familia ile ilikuwa imemeza nini.

"Poleni sana," alisema, akilitazama jeneza halafu saa yake. "Nimeambiwa. Lakini suluhisho lipo. Dirisha lenu hili ni pana. Ninyi mnatoa jeneza, vijana wangu wanalipokea kwa nje. Dakika chache tu."

Watu wote waligeuka kulitazama dirisha. Lilifungukia shimo la taka. Hapo ndipo Funguo alipomwaga maji ya kudekia kila jioni, na nje yake nzi walikuwa kazini tangu asubuhi.

"Dirishani," Funguo alisema.

"Ni kwa leo tu, dada yangu."

"Kwani mama atatoka mara ngapi?"

Mwanamke mmoja pembeni alijikohoza ili asicheke. Meneja akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kwenye hadhara.

"Basi subirini. Wageni wakiondoka alasiri, nitawafungulia mwenyewe."

"Jana tulitaka kumzika, ukasema jana wanapaka rangi geti. Tukakubali. Leo unasema alasiri. Kaburi limechimbwa, watu wako juani wanatusubiri. Joto hili unaliona?"

"Tulifungue jeneza basi," alisema Karani, kaka mkubwa wa Funguo, aliyetoka mjini na suti yake ya ofisini kwa sababu hakuwa na nyingine nyeusi. "Tumtoe mama, tumpitishe ujiani kwa shuka, jeneza litafuata."

"Gundi imeshashika," Fundi alisema, macho chini. "Kulifungua ni kulivunja, shemeji. Na likishindwa kona likiwa na mama, litashindwa likiwa tupu pia."

"Na hakuna wa kumfungua," Funguo alisema. "Mama ameshaagwa, ameshafunikwa. Si mzigo wa forodhani." Aliunyooshea kidole mlango wa ndani, ule aliokuwa akiupitia kila asubuhi na ufagio wake. "Njia ipo. Hapo ni jikoni, jikoni unaingia sebuleni, sebuleni unaingia ukumbini, ukumbini uko nje. Milango yote mipana. Mwandishi alikuwa mtu wa tumbo."

"Dada, huko ni makumbusho."

"Najua. Ndiko ninakofagia."

"Kuna taratibu. Kuna zulia ambalo hata mimi silikanyagi. Na wageni wako sebuleni sasa hivi, wanaelezwa habari za vitabu. Tuwapitishie maiti mbele ya chai?" Alishusha sauti. "Nakwambia kama mdogo wangu. Ukivuka kamba na hicho kitu..."

"Hicho kitu?"

"Nisamehe. Na marehemu. Ukivuka kamba, kazi yako imekwisha, na ya mumeo imekwisha. Na vyumba hivi ni vya wafanyakazi. Asiye mfanyakazi hana chumba hapa. Sisemi kwa ubaya."

"Kwa uzuri ungesemaje?"

Meneja alitoka kwenda kuwatazama wageni wake, akawaacha vijana wawili chini ya dirisha, mikono wameshaitanua kama watu wanaosubiri kupokea kabati.

Karani alimvuta dada yake pembeni, karibu na ndoo. "Usitupeleke pabaya. Mimi jioni nina pa kurudi. Wewe na watoto mnarudi wapi? Mama alishakufa, hajui kama ni mlango au dirisha."

"Mimi najua."

"Mama mwenyewe angekuwepo angekubali. Unamjua."

"Angekubali," Funguo alisema. "Ndiyo maana mimi sikubali."

Walimjua wote wawili. Kengele ya mlango wa mbele ilipolia, mama yao alikuwa akiacha chungu jikoni, anafuta mikono, anakwenda kumfungulia mgeni, anasimama kando mgeni apite, kisha anarudi jikoni. Alipotumwa dukani alitokea nyuma. Mwandishi, aliyejaza makabati kwa vitabu vya kuwatetea wanyonge, hakuwahi kumwambia apite mbele, na yeye hakuwahi kuuliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na kila mtu aliona ni sawa, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma binti yake sasa, kwamba hata yeye miaka yote aliona ni sawa.

"Mume wangu," aliita. "Sema na wewe. Kazi ni yako pia."

Fundi alilizunguka jeneza, akapitisha kiganja kwenye ubao uliokwanguliwa na kona. Aliipenda kazi yake. Kulikuwa na viti katika nyumba ile alivyovikarabati mpaka alivijua kwa milio yao. Na pa kwenda hakukuona.

"Mlango wa jikoni nimeubadilishia bawaba mimi," alisema hatimaye. "Upana wake naujua. Litapita."

Akashika kona ya mbele ya jeneza.

&nbsp;

Jikoni walipita bila shida. Vyungu na masufuria ya shaba yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, na juu yake kibao kilichosema: *Hapa ndipo chakula cha Mwandishi kilipoandaliwa.* Kiliandaliwa na nani, kibao hakikusema. Labda kilijiandaa.

Funguo alitangulia. Alifika sebuleni, akaikuta kamba nyekundu imekatisha mlangoni, na nyuma ya kamba migongo ya wageni, vikombe mkononi. Mwongoza wageni alikuwa akieleza jinsi Mwandishi alivyowapenda watu wa chini. Funguo aliifungua kamba, na kulabu yake ya shaba ikalia ilipogonga nguzo, migongo yote ikageuka.

"Naomba njia," alisema.

Wakasogea, kwanza kwa mazoea ya adabu, halafu walipoona kinachokuja, kwa haraka zaidi. Kikombe kimoja kilimwagika. Jeneza likaingia sebuleni mwa Mwandishi, mabegani mwa Fundi na Karani na jamaa wengine, na vumbi la viatu vyao likaandika mstari kwenye zulia.

"Ni igizo?" mgeni mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Ni ile sura ya mazishi katika kitabu chake?" Na jirani asipojua la kumjibu, akajiona amepatia, akaanza kupiga makofi, na wawili watatu wakamfuatisha.

Mjomba alisimama. "Mama," alimwambia mgeni yule kwa upole ambao ndugu zake hawakuwahi kuusikia kwake, "usipige makofi. Huyu ni dada yangu kweli."

Makofi yakafa. Yule mgeni akashika mdomo, na aibu ikamjaa usoni. Nyuma yake Meneja alikuwa amesimama, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, lakini hakuthubutu kunyoosha mkono mbele ya wafadhili. Kijana mmoja aliinua simu kupiga picha. Funguo alimtazama tu, kijana akaishusha.

Ukumbini Funguo alikuta mlango wa mbele umefunguliwa bawa moja. Akafungua komeo la bawa la pili, akalisukuma bawa lile zito mpaka likagota ukutani, mwanga ukaingia wote. Akasimama kando. Mama yake alipita.

Na hapo kizingitini, mbele ya turubai na vipaza sauti na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, Funguo alilia. Alilia kwa sauti yake yote, sauti aliyoizuia tangu mama yake alipokata roho. Alimwita mama yake, mama yangu wee, mama yangu, na wanawake waliomfuata wakaipokea sauti ile, na kipaza sauti kilichoachwa wazi jukwaani kikaichukua na kuirusha juu ya bustani mpaka barabarani. Mmoja wa mafundi wa vipaza sauti alikimbilia kukizima. Alipokifikia, akaona watu wanalia, akaacha mkono wake hapohapo juu ya swichi bila kuibonyeza.

&nbsp;

Waliporudi kutoka makaburini, udongo ungali kwenye viatu, Meneja alikuwa akiwasubiri getini. Hakuwa amekasirika. Aliwapa wote mkono, na mkono wa Funguo akaushika kwa mikono miwili.

"Dada, Mungu ametusaidia. Mama mfadhili amelia. Anasema katika nyumba zote za makumbusho alizotembelea hajaona heshima kama ile, mpishi kutolewa kwa mlango wa mbele, siku ya Mwandishi mwenyewe."

"Heshima ya nani?"

Meneja aliangalia kando. "Waliuliza. Nikawaambia ni jambo ambalo Nyumba ililiandaa kwa ajili ya marehemu. Ningesemaje? Sasa sikiliza. Kazi yako ipo. Ya mumeo ipo. Chumba kipo. Hata ule ukuta wa duka tutautazama upya. Yeye anataka kukusalimia tu kabla hajaondoka. Msalimie, sema asante, basi. Mengine niachie mimi."

"Mungu mkubwa," Karani alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akalegeza tai.

Tusimpambe Funguo kwa sifa asizokuwa nazo. Alitamani kukubali. Miguu ilikuwa inamuuma, koo limekauka, na watoto wake walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma wakisubiri kuambiwa kama leo watalala kwao. Neno lenyewe lilikuwa moja, na alikuwa amelisema maisha yake yote kwa vitu vidogo zaidi ya hicho. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akimtazama yeye, hakutikisa kichwa, hakuitikia.

"Nitamsalimia," alisema, na Meneja akapumua.

Mama mfadhili alikuwa barazani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, macho bado mekundu. Alimkumbatia Funguo kama mtu wanayefahamiana.

"Pole sana, mwanangu. Nimeguswa. Nyumba imemtendea haki mama yako."

"Asante kwa pole yako, mama," Funguo alisema. "Lakini Nyumba haikumtendea. Nyumba ilitupa dirisha."

"Dirisha?"

"La chumbani. Linatokea kwenye shimo la taka. Tulipolikataa, tukaambiwa tukipita huku hatuna kazi, hatuna pa kulala. Tukapita. Kamba niliifungua mimi, mlango niliufungua mimi. Hakuna aliyetuandalia."

Meneja alicheka kicheko kifupi, akasema dada yetu amechoka, ana uchungu, ni jambo la kawaida. Mama mfadhili hakumtazama.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. "Ungenyamaza tu, si ungebaki?"

"Ningebaki. Lakini mama aliwafungulia watu mlango huu tangu mimi sijazaliwa. Ameupitia mara moja, na hiyo mara moja tuliichukua wenyewe. Nikisema ninyi ndio mliompa, nitakuwa nimemnyang'anya, na nimetoka kumzika sasa hivi."

Alimpa mkono kwa adabu, akaaga. Mama mfadhili alibaki amesimama na kitambaa chake, hajui akifanyie nini. Kama alitoa paa au hakutoa, familia ile haikukaa kusikia.

Karani alimfuata dada yake mbio mpaka bustanini. "Umemwaga vyote!" alifoka. "Vyote! Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya neno?"

"Ndiyo, kaka."

"Mtalala wapi?"

"Kwa Mjomba."

"Kwa Mjomba kumejaa!"

"Tutabanana," Mjomba alisema nyuma yao. "Nimelala ndani ya lori na magunia, nitashindwa na watu?"

Karani alisimama katikati ya viti vyeupe vitupu, akavua koti lake la suti na kukaa chini kwenye nyasi akalia. Hakulia kwa kunong'ona.

&nbsp;

Walihama asubuhi iliyofuata. Mjomba aliazima lori kwa rafiki, akaliegesha mbele, penye njia ya changarawe, mahali ambapo magari ya wafanyakazi hayakuruhusiwa kusimama. Wanafunzi wa shule fulani walikuwa wamepanga foleni na tiketi zao, mwalimu akiwakataza kugusa ukuta.

Karani hakuwa amerudi mjini. Alikunja mikono ya shati, akasaidiana na Fundi kubeba kabati la vyombo, wakapita jikoni, wakapita sebuleni, wakavuka zulia. Mwongoza wageni alikatisha maelezo yake ili wapite, akawaambia wanafunzi wawapishe, halafu, baada ya kufikiri kidogo, akaziondoa kamba zenyewe.

Funguo alikuwa amelikunja godoro na kulifunga kwa kamba ya katani. Meneja alimkuta amelisimamisha ukumbini, anapumzika. Shada la funguo alikuwa ameshaliweka juu ya meza ya tiketi.

"Godoro linapita dirishani," Meneja alisema. Haikuwa amri tena. Alikuwa akiomba.

"Linapita," Funguo alikubali. "Na kitanda kinapita, kikifunguliwa miguu."

Akalitwika godoro kichwani, akawaomba wanafunzi nafasi, wakampa, akatoka kwa mlango wa mbele. Alipolipakia kwenye lori alijifuta jasho, akarudi ndani kwa mlango uleule kuchukua masufuria yake.